Pumzi Katika Ghala la Ngozi

Nyemo alizikwa Dodoma, kwenye makaburi ya kanisa lao ng'ambo ya reli, na mimi nilifika kaburi likiwa limeshafukiwa kwa sababu basi la kutoka Kondoa lilitulaza Chemba. Nilikaa mkekani na wanawake wengine. Nikanywa uji niliopewa, nikasikiliza watu wakimsifu marehemu kwa mambo ambayo mengi hayakuwa yake. Walisema alikuwa mpole. Nyemo hakuwa mpole hata siku moja. Baadaye binti yake, Yudita, alikuja kuniamkia, akakaa karibu nami, akanisimulia ugonjwa ulivyoanza na ulivyokwisha. Kisha akashusha sauti. "Mama Mwanaidi," akasema, "kuna kitu nataka kukuuliza kabla hujarudi. Mama kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alikuwa anakaa chini, miguu ameikunja, macho amefumba, anapumua tu. Halafu anajinyoosha, anajipinda hivi na hivi. Hata mwaka huu, alipokuwa hawezi tena kusimama, aliyafanya yale ya pumzi kitandani. Sisi tulipokuwa wadogo tulidhani ni mizimu. Mchungaji alipomuuliza, alimjibu kwamba ni dawa ya mgongo. Ni kweli?" Nikamwambia ni kweli, ni dawa ya mgongo. Palikuwa na watu wengi na macho ya Yudita yalikuwa mekundu, na mimi mwenyewe sikuwa na sauti ya kutosha. Lakini lile lilikuwa jibu nusu. Hii hapa ni nusu yake ya pili, na ndani yake kuna mwaka mmoja mzima wa maisha yetu.

Ulikuwa mwaka wa vita vya Mdachi, yaani Mjerumani, na Mwingereza, pale mwanzoni, wakati sisi wa Kondoa tulikuwa bado tunavisikia kama mambo ya watu wa mbali. Halafu askari wakaanza kupita vijijini kutafuta wapagazi. Mume wangu, Ramadhani, alikuwa amekwisha kuona waliorudi kutoka kubeba mizigo ya jeshi, mabega yamechunika, miguu imeoza, na wengi hawakurudi kabisa. Aliposikia wanakuja alikimbilia milimani pamoja na vijana wengine. Askari hawakumtafuta. Walinichukua mimi. Ndivyo walivyofanya siku zile: mwanamume akikimbia, mkewe au dada yake anawekwa bomani mpaka mwenyewe ajitokeze. Mama mkwe wangu, Bi Salima, alisimama mlangoni pa nyumba yetu ya tembe mikono yake imejaa unga, akatazama nikifungwa kamba kiunoni pamoja na wanawake wengine. Nilikuwa na mimba iliyokwisha kuonekana. Tulipelekwa Dodoma kwa miguu, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na reli, na gari moshi lilikuwa linakula kuni nyingi kuliko mikono iliyokuwapo ilivyoweza kuzikata. Njiani, kwenye korongo kavu ambalo jina lake silijui mpaka leo, mimba ilitoka. Wenzangu walinizungushia kanga zao. Askari waligeuka upande wa pili wakavuta tumbaku yao. Tulifukia tulichokuwa nacho cha kufukia, tukaosha mikono kwa mchanga, tukaendelea kutembea.

Pale Dodoma tuliwekwa katika ghala lililokuwa la ngozi za ng'ombe. Ngozi zenyewe zilikuwa zimeshasafirishwa, lakini harufu yake ilibaki ukutani, kwenye sakafu, kwenye magunia tuliyolalia, na mwishowe kwenye nywele zetu. Paa lilikuwa la mabati. Mchana lilipasuka kwa joto, na upepo wa Dodoma ulipovuma, vumbi liliingia kwa chini ya mlango likatanda juu ya kila kitu, hata juu ya ndimi zetu. Dirisha lilikuwa moja, juu sana, dogo kama mlango wa kuku. Chakula kilikuwa ugali wa uwele na mlenda usio na chumvi, mara moja kwa siku. Alfajiri tulitolewa kwenda porini upande wa Chimwaga kukata kuni. Tulizibeba kichwani mpaka kando ya reli na kuzipanga kwenye mirundo mirefu. Alasiri tulikaa kwenye mawe ya kusagia, tukasaga uwele wa askari. Ukuta wetu mmoja ulipakana na baraza lao, kwa hiyo tuliwasikia wakicheza bao na kubishana: mmoja anasema Mwingereza bado yuko mpakani, mwingine anasema karibu ataingia, mwingine anasema hata akiingia mshahara wake utakuwa mbovu vilevile. Tulisikiliza yote hayo kama watu wanaosikiliza mvua ikinyesha kwa jirani.

Sikuwa mtu tena. Mgongo wangu, ambao haukupumzishwa baada ya mimba kutoka, uliuma kuanzia shingoni mpaka kwenye nyonga, na vidole vyangu vilikufa ganzi kwa lile jiwe la kusagia. Maziwa yalinitoka siku kadhaa, hakuna wa kuyanyonya, nami nikayafuta kwa kipande cha gunia. Lakini mwili nilikuwa nauweza. Nilichokuwa sikiwezi ni kifua. Ghafla, bila sababu, wakati mwingine jiwe likiwa mkononi, kifua kilibana kama nimefungwa mkanda, moyo ukaenda mbio, jasho likanitoka, nikawa na hakika kabisa kwamba nakufa pale pale. Usingizi ulinikimbia. Nikilala kidogo naliona lile korongo. Bi Zainabu, mwanamke mtu mzima wa kwetu Kondoa ambaye alishikwa kwa ajili ya mwanawe, alinisomea dua akanipulizia, na mimi nikaitikia amina, lakini kifua kiliendelea kubana.

Mama Jamna tulimkuta mle mle ghalani. Alikuwa Baniani, mwanamke mfupi, mwembamba, nywele zake zimeanza mvi, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu sote kwa sababu alizaliwa Bagamoyo. Mumewe alikuwa na duka pale mjini. Wadachi walimshitaki kwamba anapeleka habari kwa Waingereza, wakampakia kwenye gari moshi kwenda Tabora, na mkewe, ambaye hakuwa na mtoto wala ndugu wa kumdai, wakamtupa pamoja na sisi. Alikata kuni kama sisi, alisaga kama sisi. Siku zile chache tulizopewa mchuzi wa mifupa hakuula, alimpa mtu aliye karibu naye. Na kila alfajiri, kabla mlango haujafunguliwa, tulimwona amekaa kwenye gunia lake, miguu imekunjwa, mgongo umenyooka kama mwimo wa mlango, anapumua. Halafu anapiga magoti na kuweka viganja chini, anaukunja mgongo juu kama paka aliyekasirika, anaushusha, anaukunja tena. Halafu anaketi na kujipinda, kulia, kushoto, taratibu. Mwisho analala chali, viganja vimeelekea juu, ametulia kabisa, kiasi kwamba mwanamke mmoja mgeni alipiga ukelele akidhani ameshakufa.

"Mwacheni Baniani na masanamu yake," Bi Zainabu alisema, kwa sauti ya kutosha kusikiwa.

Mama Jamna hakufumbua macho. "Hapa sina sanamu, bibi," akasema. "Nina mgongo tu, na unaniuma kama wako."

Aliyecheka kwa sauti ni Nyemo. Alikuwa Mgogo, msichana wa rika langu, mrefu, mwenye ulimi mkali, aliyewekwa pale kwa sababu kaka yake alimpiga akida, yule mkubwa wa eneo aliyewekwa na Mdachi, akatoroka. Nyemo alikuwa na kipaji cha kuigiza watu. Jioni ile ile alikaa kama Mama Jamna, akavimbisha mashavu, akapumua kama mivukuto ya mhunzi, akaanguka chali miguu juu, na ghala zima, watu ambao hatukuwa tumecheka tangu tushikwe, tukacheka mpaka askari wakagonga ukuta. Mama Jamna naye alicheka. Akamwambia, "Umekosea kidogo tu. Mashavu usiyavimbishe."

Asubuhi moja kifua kilinishika wakati mlango ndiyo kwanza unafunguliwa. Wenzangu walitoka, mimi nikabaki nimeshika ukuta, mdomo wazi, navuta hewa na hewa haishuki. Nilisikia mkono mgongoni. "Usivute," Mama Jamna akaniambia. "Unavuta, unavuta, ndani mmeshajaa, utaweka wapi? Toa kwanza. Toa taratibu, kama unapoza uji wa mtoto." Neno mtoto lilinichoma, lakini nilitoa. Akaniambia nitoe zaidi, mpaka nihisi tumbo limegusa mgongo. Kisha nikaacha hewa iingie yenyewe kwa puani. Tena. Tena. Ombasha Almasi, askari aliyekuwa mkubwa wa ulinzi wetu, alikuja mlangoni na kiboko chake kutazama kwa nini tumechelewa. Akatukuta tumesimama hivyo, mkono wa yule mama mgongoni kwangu. "Anakufa?" akauliza. "Hafi," Mama Jamna akajibu. "Anajifunza kupumua." Ombasha akasema kwamba hajawahi kuona mtu mzima anayefundishwa hilo, akatuambia tutoke. Lakini kifua kilikuwa kimefunguka. Kwa mara ya kwanza tangu lile korongo, kilifunguka kwa sababu ya kitu nilichokifanya mimi mwenyewe.

Siku iliyofuata nililivuta gunia langu karibu na lake. Alinifundisha kidogo kidogo, na jambo alilolikazania zaidi ya yote halikuwa namna ya kukunja mguu au kujipinda. Alikazania kurudia. "Leo na kesho na kesho kutwa," alisema. "Siku unayojisikia vizuri fanya. Siku unayojisikia vibaya, hiyo ndiyo siku yake hasa." Alisema baba yake, aliyemfundisha, aliiita yoga, na kwamba maana yake ni kufunga pamoja, kama huko kwao Bara Hindi wanavyowafunga ng'ombe wawili kwenye mti mmoja wavute jembe: huku mwili, huku moyo, wasivutane. Nyemo, aliyekuwa amelala akijifanya hasikii, aliinua kichwa. "Sisi hapa tumeshafungwa pamoja," akasema. "Hiyo yoga yako tunayo tayari." Lakini haukupita muda mrefu, gogo lilimtoka begani vibaya kule porini, kiuno chake kikakaza asiweze kuinama. Siku kadhaa Mama Jamna alimlaza kifudifudi, magoti yamekunjwa chini ya tumbo, paji la uso sakafuni, mikono imeachwa, akamwambia apumulie mgongoni. "Mgongo hauna pua," Nyemo alinung'unika. Alipoweza kuinama tena, gunia lake nalo likasogea kwenye ile kona yetu.

Bi Zainabu alinivuta pembeni tukiwa kwenye mawe ya kusagia. "Mwanaidi, wewe ni Mwislamu. Utakuja kuulizwa." Nilikosa raha siku nzima. Nilimwambia Mama Jamna kwamba siwezi tena, kwamba mimi nina sala yangu. Hakukasirika. "Sali sala yako kwanza," akasema. "Ukimaliza, kama mgongo bado unauma, njoo tuunyooshe. Mimi sikuombi umwite mungu yeyote. Nakuomba utoe pumzi." Nilisali, nikakaa kidogo nikifikiri, nikaenda. Sijawahi kujutia. Tangu siku ile mpaka leo nasali alfajiri, kisha nakaa, nanyoosha, napumua, na sijawahi kuona kimoja kinamgombeza mwenzake.

Watu wananiuliza imenisaidia nini, wakitarajia niseme nilipona kila kitu. Mambo yalikuja polepole sana, na sikuyaona yakija. Kwanza ulikuja usingizi. Siku moja niligundua kwamba nimeamka, maana yake nilikuwa nimelala. Kisha mgongo: maumivu hayakwisha, lakini yaliacha kuwa bwana wa nyumba, yakawa mgeni anayekuja na kuondoka. Nilijua kubeba mzigo shingo ikiwa imenyooka, nikajua kuachia mabega, nikajua kuvinyoosha vidole kila baada ya kusaga mpaka damu irudi. Kisha likaja jambo ambalo sikuwa nimelitegemea. Askari mmoja alikuwa na tabia ya kunitukana kila nipitapo, akilitaja tumbo langu kwa maneno ambayo siyaandiki. Zamani tusi lake lilikuwa linaniingia moja kwa moja, natetemeka mpaka jioni. Sasa kati ya tusi lake na mimi palitokea nafasi, ndogo tu, upana wa pumzi moja, na ndani ya nafasi hiyo niliweza kuchagua kupita. Na siku nyingine, nikiwa nimekaa macho nimefumba, nililiona lile korongo tena, na kifua hakikubana. Nililia, lakini nililia kama mama aliyefiwa. Kilio cha mtu anayezama kilikuwa kimeniacha.

Lakini siwezi kudanganya kwamba yoga ilitushibisha. Palikuwa na mwanamke mmoja, Mazoya, aliyeshikwa na mtoto wake mgongoni. Alifanya pamoja nasi kila asubuhi, tena kwa utulivu kuliko mimi, lakini chakula chake alimpa mwanawe, na mwili usiokula hauna cha kunyoosha. Alififia mbele ya macho yetu, na asubuhi moja hakuamka. Mtoto alichukuliwa na mke wa askari mmoja, hatukumwona tena. Baada ya hapo nilimuuliza Mama Jamna kwa hasira, haya yote yana faida gani basi? "Alikufa akiwa yeye mwenyewe," akasema. "Hawakuweza kumchukulia hilo. Sijui kama ni faida kubwa. Ndiyo niliyo nayo."

Ulipoingia msimu wa baridi, ule upepo mkavu ambao Dodoma huanzia kwenye mifupa, ugonjwa wa kuhara damu uliingia ghalani. Mama Jamna ulimshika mapema, na hakuwa na nyama ya kupambana nao. Alipokuwa hawezi tena kukaa, aliegemezwa ukutani. Alipokuwa hawezi kuegemea, alilala chali na kuhesabu pumzi zake kwa vidole, kidole gumba kikigusa kimoja kimoja. Alituita mimi na Nyemo. "Msinizike," akasema. "Kwetu tunachomwa. Nikizikwa nitakuwa kama mtu aliyesahauliwa njiani." Nikamwambia kuni ni za gari moshi, tukionekana na gogo moja la kwetu tunanyimwa chakula. "Najua," akasema. "Basi mtakavyoweza." Akafumba macho akarudi kwenye vidole vyake.

Siku ile kwenye mawe ya kusagia hatukuongea juu ya jambo jingine. Wengine waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Wengine walisema kuchoma mtu ni uchawi. Mimi mwenyewe nilikuwa na vita ndani yangu, kwa sababu nilifundishwa kwamba maiti huoshwa, huvikwa sanda, hulazwa ardhini, na sikujua Mungu atanitazamaje. Sote tuligeuka kumtazama Bi Zainabu, maana alikuwa mkubwa wetu na tulijua atakataza. Aliendelea kusaga. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Mimi kuchoma maiti siwezi. Dini yangu hainiruhusu, na hata kutazama sitatazama. Lakini kubeba kuni, kila siku nazibeba za Mdachi. Sijui kwa nini nishindwe kubeba za yule mama."

Kuanzia hapo, kila tulipopita kwenye korongo lililo chini ya boma tukitoka porini, mmoja wetu alijikwaa na gogo likaanguka. Hakuna aliyerudi kuliokota. Bi Zainabu alijikwaa kuliko wote. Mrundo uliongezeka chini ya kingo, na siku moja Ombasha Almasi alishuka kujisaidia akauona. Alituita tusimame. "Hizi kuni za nani?" Nilihisi kifua kikitaka kurudia ujinga wake, nikatoa pumzi. Nyemo ndiye aliyejibu. "Za Mama Jamna." Ombasha aliutazama ule mrundo, akatazama juu kwenye boma, akatazama tena chini. Alikuwa mtu katili, na sitaki kumpamba kwa sababu ya siku moja. Lakini alisema tu, "Kesho kila mtu ataongeza mzigo wa reli," akapanda zake.

Mama Jamna alikufa asubuhi, wakati ambao kwa kawaida tungekuwa tumekaa naye. Kwa kuwa alikuwa na ugonjwa wa kuambukiza, Ombasha alimwambia Bwana Shauri, yule mkubwa wa Kidachi pale bomani, kwamba afadhali tumtoe haraka sisi wenyewe, na Bwana Shauri hakutaka hata kusogea. Tulimbeba kwenye gunia lake. Alikuwa mwepesi kiasi cha kutia aibu. Bi Zainabu alifika mpaka ukingo wa korongo, akageuka, akakaa ametupa mgongo, akakaa hivyo mpaka mwisho. Nyemo aliwasha moto kwa sababu mimi mikono ilinikataa. Kuni kavu za Chimwaga hushika upesi, na upepo ulikuwa mkali, ukaupeperusha ule moshi juu ya boma na juu ya reli. Nilikaa chini nikakunja miguu. Nyemo akaja akakaa. Kisha mmoja mmoja wale wengine nao wakakaa, hata wale waliosema ni uchawi, na hatukujua maneno ya kwao, kwa hiyo tulifanya kile tu alichotufundisha. Tulipumua. Bwana Shauri aliuona moshi akaelewa kuni ni zake. Jioni ile hatukula, na siku iliyofuata vilevile.

Kona yake haikuchukuliwa na mtu. Tuliendelea pale pale, kila alfajiri, na wageni walioletwa walitukuta hivyo wakadhani ni desturi ya gereza. Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia watoe kwanza. Mvua zilipokaribia, asubuhi moja Ombasha aliita jina langu mlangoni. Nje walikuwapo wanaume waliofungwa kamba shingoni, wapagazi wapya wanaosubiri mizigo, na wa mwisho kwenye kamba ile alikuwa Ramadhani. Mwaka mzima nilikuwa nikimwomba Mungu mume wangu asije, na mwaka mzima nilikuwa nikimkasirikia kwa kutokuja. Alikuwa amekonda, ndevu zimemwota. Ombasha akasema, "Mumeo kajileta. Wewe nenda kwenu," akawageukia askari wake kidogo, nadhani makusudi.

"Umekuja kwa nini?" nikamuuliza.

"Nilichoka kukaa mlimani nikikuwaza humu." Akanitazama tumboni. "Mtoto?"

"Hakufika."

Alifumba macho. Nilitaka kumshika, lakini kamba ingevuta shingo ya aliyemtangulia. Nilitafuta neno la kumpa, neno la mke kwa mume, na sikulipata. Nikampa nilichokuwa nacho. "Ramadhani, nisikilize. Ukipanda mlima na mzigo, usivute hewa kwa nguvu. Toa kwanza. Toa yote. Kifua kikikataa, simama ndani ya moyo wako utoe." Alinitazama kama mtu anayesikia lugha ngeni, kisha nikaona akijaribu, pale pale, akiwa na kamba shingoni: akatoa pumzi ndefu, mabega yakashuka. Kamba ikavutwa. Waliondoka kufuata reli. Nyemo, kupitia ufa wa mlango, aliniona nikiondoka, akapiga kelele kwa Kigogo maneno ambayo sikuyaelewa, na sikumwona tena mpaka Waingereza walipokwisha kuingia.

Nilirudi Kondoa kwa miguu. Bi Salima alinikuta mlangoni. "Kwa hiyo wamemchukua yeye wakaniletea wewe," akasema. Hilo ndilo lilikuwa karibisho, na sikumlaumu. Alinipa sehemu ya kulala upande wa mbuzi. Tulilima pamoja, tulisaga pamoja, lakini hatukula chombo kimoja. Kila alfajiri nilisali, kisha nikakaa nyuma ya tembe nikafanya yangu. Alipita na ndoo yake ya kukamulia akinitazama kwa dharau, na mara moja aliwaambia majirani, nikisikia, kwamba Mdachi amenirudisha na wazimu. Vita vilifika kwetu vikapita, na nyuma yake njaa. Mpagazi mmoja wa kijiji cha jirani alitoroka akarudi na habari. Ramadhani aliugua kifua huko kusini, mbali, ng'ambo ya Iringa, na msafara ulimwacha kando ya njia pamoja na wengine wasioweza kutembea. Mpagazi yule hakujua jina la mahali. Alisema tu kwamba alipomwacha alikuwa ameegemea mti, macho yamefumba, anapumua polepole, na kwamba hakuonekana mwenye hofu. Bi Salima alimsikiliza mpaka mwisho. Alimpa maji, akamshukuru, akaingia ndani.

Hakulia mbele yangu. Aliacha kula, akaacha kulala. Nilimsikia ukutani akienda na kurudi, na mchana alikaa ameshika kifua kwa mkono mmoja, mdomo wazi, akivuta hewa kwa kelele, na mimi nilijua kabisa ni nini kile, lakini sikuthubutu kumgusa. Siku zikapita hivyo. Kisha asubuhi moja nilikuwa nyuma ya tembe, jua halijatoka, macho nimefumba, nikasikia nyayo zake. Nilisubiri dharau yake ipite. Nyayo hazikupita. Nilisikia ndoo ikiwekwa chini, magoti yake yakilia, na nguo yake ikigusa yangu. Alikuwa amekaa kando yangu, mtu mzima yule, amekunja miguu vibaya.

"Ulimwambia nini mwanangu pale bomani?" akaniuliza.

Nikaweka mkono mgongoni kwake. "Nilimwambia atoe kwanza," nikasema.

"Basi niambie na mimi."